Jiwe Halichagui Kushuka: Arudhi, Uhuishaji na Maneno ya Machimboni



Kwa miaka mingi niliyosimama mbele ya ubao katika shule za sekondari za Shinyanga mjini na Kahama, nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba arudhi si pingu. Wachache waliniamini. Wengi waliona mizani na vina ni mateso yaliyobuniwa na wazee ili kuwapunguzia vijana alama za mtihani. Sasa nimestaafu, na hoja ile niliyoshindwa kuithibitisha darasani nimeipatia ushahidi mahali nisipopatarajia: katika kompyuta ya kijana anayetengeneza katuni mjini Geita.

Dai langu ni hili. Ufundi mpya wa kuzipa picha mwendo, ule wa kuiachia kompyuta ifuate kanuni za maumbile badala ya mchoraji kuchora kila hatua kwa mkono, ni ndugu wa damu wa ushairi wetu wa arudhi. Tatizo lake kubwa ndilo tatizo letu la kale: vipi mtunzi ataitii sheria na bado afike anakotaka? Kwa kuwa ni hivyo, sisi watu wa Kiswahili hatuna sababu ya kukaa kando na kuwaachia wengine waseme kwa niaba yetu, kwa lugha isiyo yetu.

Kijana huyo nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne. Alinijia nyumbani na ombi. Alikuwa ametengeneza filamu fupi ya katuni, dakika nne tu, ya kuwaonya watoto wanaotoroka shule na kuingia katika maduara ya wachimbaji wadogo. Aliniambia, "Shikamoo Mwalimu. Nimekuja unisahihishie Kiswahili cha msimulizi." Nilikisahihisha. Wala hakikuwa kibaya, ila kilinuka tafsiri, kwa sababu andiko lake alikuwa ameliandika kwanza kwa Kiingereza. Kisha akaniomba nifuatane naye kwenda kuionyesha filamu hiyo kwa wachimbaji wenyewe. Tukaenda, tukatundika shuka jeupe ukutani, watu wakakusanyika jioni baada ya kazi.

Ilipofika sehemu ya mwamba kuanguka, watu walicheka.

Hawakucheka kwa ubaya. Mmoja wao, mtu mzima mwenye kovu mkononi, alisema, "Mzee, jiwe gani hilo linashuka kama unyoya wa kuku? Jiwe la kwetu halikupi nafasi ya kuita 'Mama!'" Wengine wakaitikia. Kijana aliinamisha kichwa. Mimi nilikaa kimya, maana nilijua kuwa mchekaji alikuwa na haki, na kwamba jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Katika filamu ile mtoto aliliona jiwe likianza kushuka, akageuka, akakimbia, akaokoka. Mtoto akiamini hivyo, siku moja atasimama chini ya mwamba halisi akidhani ana muda. Hana. Jiwe linalodondoka kutoka urefu wa mita 20 hufika chini baada ya sekunde 2 hivi. Kosa la uhuishaji lilikuwa limegeuka kuwa fundisho la kifo.

Hapa Shinyanga hatuhitaji kukumbushwa mambo haya. Mwaka 2015 mwamba uliporomoka katika mgodi mdogo wa Nyangalata, wilayani Kahama, na watu watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 ardhini. Habari yao ilienea duniani kote kwa sababu ilikuwa ya ajabu. Zile za kawaida hazienei. Huishia kwenye turubai la msiba.

Kwa nini jiwe la kijana lilishuka polepole? Alinieleza tuliporudi nyumbani, na maelezo yake yalinifungua macho. Filamu huonyesha picha 24 kwa kila sekunde, hivyo dakika nne ni picha 5,760. Zamani mchoraji alichora picha za nguzo, yaani mwanzo wa tendo na mwisho wake, kisha wasaidizi wakajaza zile za katikati. Lakini maporomoko yenye mawe mia tatu hayachoreki kwa mkono. Basi anatumia programu iitwayo Blender, inayopatikana bila malipo, ambayo hupewa umbo la kila jiwe, uzito wake, ukali wa msuguano wake na kiasi cha kudunda kwake likigonga. Baada ya hapo kompyuta hukokotoa, kwa vipande vidogo sana vya muda, kila jiwe liko wapi, limegusa nini, linaelekea wapi. Hakuna anayelichora jiwe likianguka. Linaanguka lenyewe, kwa kutii kanuni.

Kosa lake lilikuwa la kipimo. Alilichora duara lenye kina cha mita 20, lakini ndani ya programu akaliacha na ukubwa wa mita 200. Kwenye shuka ukutani lilionekana sawa, maana jicho halina rula. Kompyuta, isiyojua kudanganywa, ililihesabia jiwe safari ya mita 200, nayo huchukua sekunde 6 na zaidi. Ndiyo maana jiwe likaelea. Wachimbaji hawakuwa na hesabu hiyo vichwani, lakini walikuwa nayo machoni na mwilini, kama vile bibi asiyejua kuandika anavyotambua ubeti uliopungua mizani mmoja. Haambiwi, husikia umechechemea.

Nilimwomba anieleze zaidi, naye akanipa historia fupi ya ufundi huo. Mwaka 1987 Mmarekani aitwaye Craig Reynolds alichapisha makala kuhusu namna ya kuhuisha kundi la ndege bila kumwongoza ndege hata mmoja. Kila ndege alipewa kanuni tatu: usimgonge jirani yako, elekea wanakoelekea majirani zako, kwa mwendo wao, usiachwe mbali na wenzako. Basi. Kutokana na kanuni hizo tatu kundi zima likageuka angani, likagawanyika mbele ya kizuizi, likaungana tena. Nilipomsikiliza niliwaona kweleakwelea. Mkulima yeyote wa mtama au mpunga wa mkoa huu amewaona wakija kama wingu lenye akili moja, wakipinda wote kwa pamoja, ilhali hawana jemadari. Reynolds hakuhitaji kuja Shinyanga. Lakini mtoto wa Shinyanga anayefukuza ndege shambani angemwelewa kabla hajamaliza sentensi.

Ufundi wa namna hiyo uliingia haraka katika sinema. Mwaka 1992 uliwarusha popo katika filamu ya "Batman Returns". Mwaka 1994, katika "The Lion King", programu maalumu iliwaongoza nyumbu kwa mamia wateremke bondeni wakikimbia bila kugongana. Tufikiri kidogo hapa. Nyumbu wa namna hiyo huhama kila mwaka katika Serengeti, jirani kabisa na Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Wahusika wa filamu hiyo wanaitwa Simba na Rafiki. Kwa hiyo sisi tulitoa mandhari, tukatoa wanyama, tukatoa hata majina. Lakini kanuni zilizowakimbiza nyumbu hao hazikuandikwa wala kujadiliwa kwa Kiswahili mahali popote. Tulikopesha maneno ya mapambo, maneno ya kazi tukabaki hatunayo. Hilo ndilo linalonikera.

Nirudi kwa kijana wangu. Alirekebisha kipimo, jiwe likashuka kwa kasi yake ya kweli. Hapo likazuka tatizo la pili, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Hadithi yake ilitaka mwamba uzibe njia ya kushoto, ili mtoto aliye kulia apone na mwenziwe aliye kushoto afukiwe. Lakini mawe, yakiachwa yafuate kanuni, hayaijui hadithi. Alipoianzisha kompyuta mara ya kwanza, mawe yaliziba kulia. Mara ya pili yaliziba njia zote mbili. Mara ya tatu jiwe kubwa lilisimama katikati kama mwenyekiti wa kikao. Alipochoka, akalishika jiwe kwa mkono na kulivuta mwenyewe kwenda kushoto. Tukaitazama pamoja. Hata mimi, mwalimu wa lugha nisiyejua fizikia, niliona jiwe limevutwa. Lilikuwa kama kina cha kulazimisha.

Nikamwambia, "Mwanangu, hilo ni tatizo la mshairi. Kaa hapa nikuonyeshe."

Nikachukua karatasi. Nikamwambia nitatunga ubeti mmoja wa mistari minne, mizani 16 kila mstari, vina vya kati "ni" na vya mwisho "ka", na kwamba tayari najua ninakotaka kuishia: kwenye swali lake mwenyewe. Tukahangaika pamoja kwa karibu saa nzima, na matokeo ni haya:

Jiwe likiwa juuni, halichagui kushuka,
Uzito uko mwilini, wala halina mashaka,
Nami ninapo moyoni, mahali litapofika,
Nianzie pembe gani, nipate ninalotaka?

Siutoi ubeti huu kama kito. Ni ubeti wa mazoezi. Ninautoa kwa sababu ya namna ulivyopatikana. Mstari wa nne ulikuja kwanza. Nilijua mwisho, ikanibidi nitafute mwanzo utakaonifikisha huko bila kuvunja sheria njiani. Mstari wa tatu ulinitesa: "mahali litakapofika" ni mizani tisa, na kipande kinataka minane. Nikakata silabi moja, kwa ile ruhusa tunayoiita inkisari. Sikubadilisha maana, na sikio halikulalamika.

Kijana alitazama karatasi kwa muda, kisha akasema, "Kumbe kisicholazimishwa ni mwisho, Mwalimu. Kinachopangwa ni mwanzo."

Hakika. Akarudi kwenye kompyuta yake na hakuyagusa tena mawe yakiwa angani. Alibadilisha hali ya mwanzo: akausogeza ufa kidogo, akaondoa gogo moja kati ya matimba yanayoshikilia ukuta wa kushoto, akaongeza msuguano wa udongo wa kulia. Akaiendesha kompyuta mara nyingi, kila mara kwa tofauti ndogo, akawa anachagua. Mwishowe mwamba ukaanguka kushoto wenyewe, kwa sababu ya haki: matimba ya kushoto yalikuwa yamepungua. Na hapo hadithi nayo ikapata sababu iliyokuwa inakosekana. Mtoto hakufukiwa kwa bahati mbaya ya mchoraji. Alifukiwa kwa sababu kuna mtu hakuweka gogo.

Baadaye niligundua kuwa wataalamu wenyewe wamelipitia jambo hili kwa kina. Mwaka 1988 Andrew Witkin na Michael Kass walionyesha njia ya kuiambia kompyuta mwendo uanzie wapi na uishie wapi, pamoja na sheria za uzito na nguvu, kisha kompyuta itafute mwendo wa katikati unaotimiza masharti yote kwa pamoja. Mfano wao ulikuwa taa ya mezani inayoruka. Taa ile, bila kufundishwa, ilijikunja kabla ya kuruka, kama afanyavyo kiumbe hai, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kufika kule kwa kutii sheria. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Sharti mwanzoni, sharti mwishoni, sheria njiani, na uzuri unazaliwa katikati: hiyo si ndiyo bahari ya shairi? Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi alipokitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, hakuwa akiwafunga watunzi. Alikuwa akiwaandikia masharti ambayo ndani yake lugha hujikunja kabla ya kuruka.

Najua kuna wasomaji wataokunja uso. Malenga wa mlegezo wataniambia kuwa mjadala wa arudhi tuliumaliza zamani, tangu Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alipotoa "Kichomi" mwaka 1974. Nami siwapingi. Kijana wangu alinifundisha hata hilo. Maporomoko ya mawe aliyaachia kanuni, lakini uso wa mama anayepokea habari za mwanawe aliuchora kwa mkono, picha baada ya picha, wala hakuthubutu kumwachia kompyuta. Uso ule haukuwa na kanuni ya kuandikika. Basi ushairi huru una mahali pake na arudhi ina mahali pake, na fundi hodari hujua jiwe ni lipi na uso ni upi. Ninachokipinga ni dharau, ile tabia ya kumwona mtunzi wa mizani kuwa ni mhesabu silabi asiye na fikra. Fikra imo humo. Kuitawala sheria kwa kuitii ni elimu nzito, na dunia ya leo inalipa fedha nyingi kuipata.

Wengine wataniambia nimevuka mpaka, kwamba jiwe halina nia na shairi lina nia. Nakubali. Ndiyo maana natumia neno "ndugu" na si neno "pacha". Hata hivyo, mchungaji wa ng'ombe hapa Usukumani hamshiki kila ng'ombe mkia. Anakaa nyuma ya kundi, anapiga mluzi, anasimama upande asioutaka, na kundi linakwenda upande anaoutaka. Nia ni yake, mwendo ni wa kundi. Huo ndio utawala ninaouzungumzia, iwe kwa mawe, iwe kwa ng'ombe, iwe kwa maneno.

Sasa nije kwenye lugha yenyewe, ambako nina ugomvi mkubwa zaidi.

Tulipolichambua upya andiko la msimulizi, niligundua kwamba katika Kiingereza chake kijana alikuwa ametumia neno moja tu kwa kila aina ya anguko, na katika tafsiri yake kila kitu "kilianguka". Tukarudi kwa wachimbaji, safari hii bila shuka, tukiwa na daftari. Tukawauliza: mwamba hufanyaje? Wakatupa vitenzi kama mtu anayemwaga karanga mezani. Jiwe moja moja hudondoka. Kipande cha ukuta humeguka. Ukuta wenyewe hubomoka. Udongo na mawe mengi kwa pamoja huporomoka. Na ardhi ya juu, pale ambapo chini pamebaki uwazi, hutitia. Yule mwenye kovu akaongeza kwamba kabla ya kumeguka, mwamba huanza kumwaga vumbi na vijiwe vidogo, na mtu mwenye masikio husikia vikitiririka.

Tazameni, wapenzi wa lugha. Hivyo si visawe. Kila kitenzi ni kielelezo kamili cha mwendo. Kudondoka ni jiwe huru linalovutwa chini peke yake. Kumeguka ni kukatika kwa kilichoshikamana. Kuporomoka ni chembe nyingi zinazosuguana na kusukumana; ndiyo maana lundo la mchanga mkavu hukubali kusimama kwa mlalo wa nyuzi 30 hadi 35 hivi, na ukilizidishia linaporomoka mpaka lirudi hapo hapo. Kutitia ni kuondokewa na mhimili kutoka chini. Kijana alipovisikia alisema, "Mwalimu, kila neno hapa nalipa mpangilio wake katika programu." Akafanya hivyo. Vumbi linalotangulia akaliwekea chembechembe ndogo zinazotiririka sekunde chache kabla ya mwamba kuachia. Msamiati wa wachimbaji ulikuwa umemfanyia nusu ya kazi ya uhandisi.

Wala hili si kucheza tu na picha. Mwaka 1979 Peter Cundall na Otto Strack walichapisha njia ya kukokotoa mwendo wa chembe moja moja katika lundo, kwa ajili ya wataalamu wa udongo na miamba. Njia za ukoo huo leo hutumika kuchunguza uimara wa miamba migodini, na nyingine za karibu nazo hutumika kuangusha majengo katika sinema. Hata theluji ya filamu ya "Frozen" ya mwaka 2013 ilihuishwa kwa mwigo wa kanuni za kugandamana na kumeguka kwa theluji. Elimu ya kuokoa watu na elimu ya kuburudisha watoto zinachota kisima kimoja. Nani atauliza kwa Kiswahili maswali ya kisima hicho?

Mtoto wetu hujifunza msuguano, kani na uvutano kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Anaingia sekondari, na siku ya kwanza maneno hayo yanavuliwa kama sare ya shule ya zamani. Anaanza upya kwa Kiingereza, na kwa wengi elimu inabaki mlangoni. Nilikuwa ndani ya mfumo huo kwa miaka yangu yote ya kazi. Nilifundisha Kiswahili chumba kimoja huku chumba cha pili watoto wale wale wakikariri sheria za mwendo kwa lugha wasiyoota nayo ndoto. Sikusema vya kutosha wakati ule. Nasema sasa.

Kuhusu istilahi, tusigombane bila sababu. "Uhuishaji" ni neno zuri na lishike mizizi. Kuhuisha ni kutia uhai, na ndiyo kazi yenyewe. Lakini kwa kile kitendo cha kompyuta kuiga maumbile kwa kufuata kanuni, vijana wengi husema "simulesheni", wengine "uigizaji". "Uigizaji" haufai, maana una jukwaa na waigizaji wake tayari. "Uigaji" linakubalika, ila masikioni mwa mwalimu lina harufu ya mwanafunzi anayechungulia daftari la jirani. Mimi napendekeza "mwigo wa kanuni". Linasema kinachoigwa si sura ya jiwe bali sheria yake. Kwa zile picha za mwanzo na mwisho, tuseme "picha nguzo". Kwa kinachowekwa kabla kompyuta haijaanza, "hali ya mwanzo". Kwa kile ambacho mwendo lazima ukitimize, "sharti", neno ambalo kila mshairi amelala nalo. Kama mna bora kuliko haya, yaleteni. Sina kiburi cha neno.

Ninachoshikilia ni njia ya kuyapata. Baraza la Kiswahili la Taifa lina kazi ya kusanifu istilahi, na kazi hiyo ni ya heshima, lakini haliwezi kushuka katika kila duara wala kufuata kila kundi la ng'ombe. Sisi tunaweza. Kila msomaji wa ukurasa huu anaishi karibu na watu wenye kazi: wavuvi, wafinyanzi, wachomeleaji, wafugaji, wachimbaji. Wana vitenzi vya mwendo ambavyo havimo katika kamusi, au vimo bila maelezo ya kutosha. Vikusanyeni. Andikeni kila kitenzi na kile kinachotokea hasa: nini kinatangulia, nini kinafuata, kwa kasi gani. Kisha mpeni kijana yeyote mnayemjua anayehuisha picha. Tayari tunayo mifano ya Watanzania wanaofanya kazi hiyo kwa lugha yetu. "Ubongo Kids" kutoka Dar es Salaam imekuwa ikiwafundisha watoto kwa katuni tangu mwaka 2014. Wahuishaji wetu hawakosi vipaji. Wanachokosa ni sisi.

Na ninyi walimu mlio kazini bado, jaribuni jambo moja. Mnapofundisha mizani na vina, msianze na orodha ya bahari. Wapeni wanafunzi mstari wa mwisho, mwambieni kila mmoja autafutie mwanzo. Wataiona arudhi kwa jicho lingine.

Filamu ile tuliionyesha tena, mahali pale pale, kwenye shuka lile lile. Vumbi lilipoanza kutiririka katika picha, kabla ya jiwe lolote kusogea, yule mtu mwenye kovu alisema kwa sauti ndogo, "Toka." Alikuwa anamwambia mtoto wa kwenye katuni. Kisha mwamba ukameguka, na ilichukua sekunde mbili.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja aliyekaa mbele aliuliza kwa nini lile gogo halikuwekwa. Hakujibiwa na mimi wala na kijana wangu. Alijibiwa na wachimbaji, na waliongea hadi usiku.